Utulivu wa Lamu Una Wenyewe

Katika daftari langu nilikuwa nimeandika kwamba boti ya Faza, mji wa kisiwa cha Pate, ingeondoka saa moja asubuhi. Saa moja ilipofika, nahodha alikuwa ameketi juu ya ukuta wa gati la Lamu akinywa kahawa, na abiria wake, yaani kina mama wenye magunia ya unga, mwanafunzi mmoja mwenye sanduku la bati na mzee aliyekuwa akirudi nyumbani na mbuzi wake, hawakuonyesha dalili yoyote ya wasiwasi. Nilipomuuliza kwa adabu kama kulikuwa na hitilafu ya mtambo, alinijibu, "Hapana, mwanangu. Mkanda hauna maji." Kisha akanyoosha kidole kuelekea ngazi za gati, akaniambia kwamba maji yakifika ngazi ya tano tutafungua kamba.

Mkanda ni mlango mwembamba wa bahari unaotenganisha kisiwa cha Manda na bara. Mikoko imeuzunguka pande zote mbili, na maji yakikupwa hubaki mfereji usioweza kupitisha boti yenye abiria na shehena. Njia nyingine ni kuizunguka Manda kwa upande wa bahari kuu, na wakati wa upepo wa kusi nahodha mwenye busara hawapitishi huko watoto na magunia ya unga. Kwa hiyo watu wa Pate, Siyu, Faza na Kizingitini hupanga safari zao za sokoni, za shuleni na hata za kumpeleka mgonjwa hospitali kwa kuhesabu maji, nao huijua siku ya bamvua, maji yanapojaa sana, na siku ya maji mafu, yanapojaa kidogo, kama watu wa mjini wanavyoijua ratiba ya basi.

Nimeanza na boti hiyo kwa sababu matangazo ya utalii huyaeleza mambo ya aina hii kwa namna moja tu: kwamba Lamu ni mahali ambapo wakati umesimama, watu hawana haraka, na mgeni anachotakiwa kufanya ni kuvua viatu na kujilaza mchangani. Sina ugomvi na mtu anayekuja kupumzika. Nami nimepumzika huko, na nitarudi. Ugomvi wangu ni na dhana iliyojificha ndani ya matangazo hayo, kwamba utulivu wa visiwa hivi ni zawadi ya maumbile isiyo na mwenyewe, ambayo kila anayefika anaweza kuichota na isipungue. Ninavyoona mimi, utulivu wa Lamu ni kazi ya watu. Wameujenga, wanautunza, na mara nyingine wameupigania, na mapumziko ya ufukweni yanaweza kuuhifadhi au kuumaliza kulingana na yale ambayo mgeni na mwenyeji wanakubaliana kuhusu mambo matatu yanayoonekana kwa macho, yaani maji, nyumba na ardhi.

Funguvisiwa la Lamu liko kaskazini kabisa mwa pwani ya Kenya, karibu na mpaka wa Somalia, na visiwa vyake vinavyojulikana zaidi ni Lamu yenyewe, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, kwa kuwa ndio mji wa Waswahili wa Afrika Mashariki ulio wa kale zaidi na uliohifadhiwa vizuri zaidi kati ya ile ambayo watu bado wanaishi ndani yake. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Shanga, huko Pate, ambako wachimbuzi walikuta mabaki ya misikiti yanayorudi nyuma hadi karne ya 8, ni gofu. Takwa, huko Manda, ni gofu. Lamu watu wanapika, wanaozesha, wanagombana na wanasali mumo humo, na hilo ndilo linaloufanya mji uwe na thamani ambayo makumbusho peke yake hayawezi kuwa nayo.

Hata historia ya visiwa hivi huwezi kuisimulia bila kutaja maji kujaa na kupwa. Takriban mwaka 1812 majeshi ya Pate na ya Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, yaliteremka Shela, kijiji cha ufukweni karibu na mji wa Lamu, ili kuiteka Lamu. Walishindwa, na simulizi za wenyeji zinasema kwamba walipokimbilia vyombo vyao walivikuta vimekaa juu ya mchanga, maji yamekupwa, nao wakauawa pale pale ufukweni. Baada ya ushindi huo watu wa Lamu, wakihofia kulipiziwa kisasi, walimwomba msaada Seyyid Said bin Sultan wa Oman, na ngome iliyoko mbele ya uwanja wa Mkunguni ilikamilika mwaka 1821 chini ya ulinzi huo. Baadaye ngome hiyo ikawa jela hadi mwaka 1984, ilipokabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mgeni anayelala leo juu ya mchanga wa Shela, akitazama vyombo vikikaa upande mmoja wakati wa maji kupwa, amelala juu ya uwanja wa vita uliouweka mji huu katika njia ulionayo sasa.

Na ni Shela ndiko wageni wengi wanakotaka kufika. Ukitoka mjini kwa miguu ni mwendo wa dakika arobaini hivi kando ya bahari, na kwa mashua ni mfupi zaidi. Ukishaipita hoteli ya mwisho, ufuo unakunjuka mbele yako kwa takriban kilomita 12, na nyuma yake viko vilima vya mchanga mweupe ambavyo upepo huvichonga upya kila msimu. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, anga huwa safi, bahari hutulia, na picha zinazopigwa hapo ndizo zinazoleta wageni wa mwaka unaofuata. Katika picha hizo vilima vinaonekana kama mahali patupu, na mtu yeyote mwenye fedha akiviona atawaza kiwanja.

Lakini vilima vile ndivyo tangi la maji la Lamu. Kisiwa hiki hakina mto wala ziwa. Mvua za masika zinyeshapo, mchanga huyanywa maji kabla hayajapata nafasi ya kutiririka baharini, ukayachuja taratibu, yakashuka hadi yanapokutana na maji ya chumvi yaliyopenya chini ya kisiwa kutoka baharini. Hapo hayachanganyiki kwa haraka. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo huelea juu yake, yakiwa yametuna katikati na kukonda kandokando. Wataalamu wa maji wana kanuni ya zamani inayosema kwamba, katika hali ya kawaida, kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari kuna takriban mita 40 ya maji matamu chini ya usawa huo. Kanuni hiyo ni habari njema mtu anapochota kidogo, na ni habari mbaya sana anapochota bila kiasi, kwa maana ukiyashusha maji ya juu kwa mita 1 tu, maji ya chumvi yaliyo chini hujiandaa kupanda kwa mita 40. Visima vilivyochimbwa katika mchanga wa Shela ndivyo vinavyounywesha mji wa Lamu. Ukijenga juu ya mchanga huo, au ukiuzoa kwa ajili ya ujenzi, au ukizamisha pampu yenye nguvu pembeni yake, umegusa mtungi wa maelfu ya watu ambao pengine hawatawahi kukaa ufukweni hapo hata siku moja.

Wenyeji hawahitaji kufundishwa jambo hili na mwandishi wa magazeti. Ng'ambo ya mlango wa bahari, mkabala na Shela, ndiko iliko Takwa, mji uliostawi kuanzia karne ya 15 na kuhamwa katika karne ya 17, na miongoni mwa sababu zinazotajwa za kuhamwa kwake ni visima kugeuka chumvi. Simulizi zinasema kwamba watu wake walivuka wakaja kuijenga Shela. Mpaka zama zetu watu wa Shela wamekuwa na desturi ya kuvuka kurudi Takwa, kwenye msikiti na kaburi la mnara, kusali na kuomba mvua. Sijui kama iko pwani nyingine ambako ufuo wa starehe unatazamana ana kwa ana na gofu la mji unaosemekana kufa kwa kiu, na ambako watu huvuka maji ya chumvi kwenda kuomba maji matamu katika makazi ya wahenga wao. Mgeni akiambiwa habari hiyo siku ya kwanza, ninaamini ataoga kwa namna tofauti siku ya pili.

Tufanye hesabu moja ndogo. Bwawa la kuogelea la kawaida, lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 4 na kina cha mita 1 na nusu, linameza lita 60,000. Hayo ni madumu 3,000 ya lita 20. Punda anayebeba madumu 4 kwa safari angehitaji safari 750 kulijaza, na jua la Lamu lingeanza kulipunguza siku hiyo hiyo. Katika nyumba ya mawe ya jadi, kwa upande mwingine, maji ya kuogea hukaa katika birika lililojengwa ukutani, na mafundi wa zamani walikuwa wakitia visamaki ndani yake ili viyale mabuu ya mbu. Mtu huchota kwa kata, hujimwagia, basi. Watu waliojenga nyumba zenye nakshi za chokaa na zidaka vya kupangia sahani za kauri kutoka China hawakukosa ujuzi wala uwezo wa kutumia maji mengi zaidi. Walikijua kisima chao.

Nyumba hizo zenyewe zinastahili kusemwa, kwa kuwa baridi yake ndiyo sehemu kubwa ya mapumziko ambayo mgeni analipia. Kuta zake nene ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake ni boriti za mikoko, ambazo haziwezi kubeba paa pana zaidi ya mita 3 hivi. Ndiyo sababu vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, hadi ufike ndani kabisa ambako joto la mchana halifiki. Mlangoni kuna daka lenye mabaraza mawili ya kupokelea watu ambao si wa kuingizwa ndani. Juu ya vichochoro hupita wikio, chumba kilichojengwa kama daraja ili wanawake wa nyumba mbili za ukoo mmoja watembeleane bila kushuka njiani. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichojengwa kwa ajili ya watalii, na bado vyote vimekuwa bidhaa ya utalii.

Hapa lazima niwe mwadilifu kwa upande wa pili. Nyumba nyingi za Mkomani, mtaa wa kale wa mji wa Lamu, zilikuwa zikianguka. Nyumba ya ukoo hurithiwa na watu wengi kwa mujibu wa sheria ya mirathi, kila mmoja ana sehemu yake, baadhi wako Mombasa, wengine Uarabuni, na hakuna mwenye uwezo peke yake wa kubadilisha boriti zilizooza. Tangu miaka ya 1970 walifika wanunuzi kutoka Ulaya, wakalipa, wakawarudisha mafundi wa chokaa na wa nakshi kazini, na nyumba zikasimama tena. Asiyekiri hilo hasemi kweli. Hata hivyo, baada ya mauzo mwenye nyumba alihamia pembezoni mwa mji kwenye paa la mabati, na nyumba yake ya zamani hufungwa miezi mingi ya mwaka ikimsubiri mgeni wa Krismasi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kipimo hicho, nyumba imepona na mwenyeji bado.

Kipimo hicho hicho kinafaa kwa fedha zote za wageni. Mwaka 2011 watalii wawili wa Kiingereza walivamiwa Kiwayu mwezi Septemba, mmoja akauawa na mwingine akatekwa, na mwezi uliofuata mwanamke wa Kifaransa alitekwa Manda. Mwezi Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa katika mashambulizi ya Mpeketoni na maeneo ya jirani, huko bara. Amri za kutotoka nje usiku zikafuata, serikali za Ulaya zikawaonya raia wao wasifike, na hoteli zikafunga milango. Mwaka 2020 zikafunga tena kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Kila mara hizo aliyeumia zaidi alikuwa kijana aliyeacha wavu wa baba yake ili aendeshe mashua ya matembezi, na alipotaka kuurudia wavu alikuta kuvua usiku kumepigwa marufuku kwa sababu za usalama, na marufuku hiyo ikadumu kwa miaka.

Wavu nao umepunguziwa bahari. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu, sehemu ya LAPSSET, mradi wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, lilifunguliwa huko Kililana mwezi Mei 2021, baada ya bahari kuchimbwa na mikoko kukatwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imeamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, mwezi Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa kujengwa upande wa bara, kwa sababu miongoni mwa nyingine wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliofungua shauri hilo walikuwa wakazi wenyewe, wakiongozwa na shirika la Save Lamu. Nayataja haya katika makala ya mapumziko kwa makusudi. Hewa safi anayovuta mgeni akiwa amejinyoosha Shela ilitetewa na wavuvi na walimu waliopanda mabasi kwenda kukaa katika mabenchi ya mahakama, na sijaona tangazo la hoteli linalowashukuru.

Kwa nini basi nisiseme watu wasiende? Kwa sababu kutokwenda hakumponyi mtu yeyote, na kwa sababu yuko mgeni ambaye visiwa hivi vinamhitaji, ambaye mara nyingi hahesabiwi kabisa. Ni mwalimu wa Nakuru, karani wa Mombasa, familia ya Dar es Salaam au ya Kampala inayozungumza Kiswahili na haijui kwamba Kiamu, lahaja ya hapa, ndicho kilichobeba tenzi za kale ambazo watoto wao wanazisoma shuleni. Mgeni huyu hakatazwi na ubalozi wowote, anaweza kufika nje ya msimu wa Krismasi, anakula mahamri na mbaazi bila kutafsiriwa, na akipotea kichochoroni anauliza njia. Hoteli nyingi zimempangia bei ya kumfukuza, na nadhani ni kosa la kibiashara, mbali na kuwa kosa la heshima. Alama ya hatari iliyowekwa juu ya Lamu na serikali za mbali isingeuangusha mji mara mbili kama vyumba vyake vingekuwa vimezoea kupokea watu wa karibu.

Mgeni huyo akija, ningependa asiishie Shela. Apande boti kwa saa za maji, aende kijiji cha Matondoni aone jahazi likiundwa chini ya miembe, aende Siyu alikokuwa Bwana Mataka, mtawala wa mji huo aliyeusumbua utawala wa Zanzibar hadi kufa kwake, na ambako mafundi wa ngozi bado wanashona viatu. Ufukweni avae apendavyo, na mjini avae kama mtu anayepita mbele ya mlango wa msikiti, kwa kuwa ndivyo ilivyo, kila baada ya vichochoro viwili. Wakati wa Maulidi, Msikiti wa Riyadha, ulioanzishwa na Habib Swaleh aliyetoka Visiwa vya Komoro, huvuta watu kutoka pwani nzima, na wakati huo Lamu huwa na kila kitu isipokuwa ukimya. Anayedhani utulivu ni ukimya atauelewa mji usiku ule.

Kwa upande wa serikali ya kaunti, dai langu ni moja. Vilima vya Shela vitendewe kama bomba kuu la maji linavyotendewa mahali pengine: mipaka yake iwekwe alama zinazoonekana, ujenzi ndani yake usimame bila kujali jina la mwenye hati, na kila kisima chenye pampu kiwe na mita inayosomwa na ofisa wa umma. Ofisi ya ardhi inayogawa kiwanja juu ya chanzo cha maji imegawa kitu ambacho si chake.

Niliporudi kutoka Faza nilifikia kwa mama mmoja wa mtaa wa Langoni anayekodisha vyumba viwili vya juu katika nyumba yake mwenyewe. Nilimuuliza maji ya nyumba yanatoka wapi. Hakunijibu kwa maneno mengi. Alinipeleka hadi kwenye birika, akafunua kifuniko cha mbao, akanionyesha alama nyeusi iliyochorwa kwa makaa ndani ya ukuta wake, chini kidogo ya ukingo. "Hujazwa hapa alfajiri," alisema, "na ndiyo yetu sote hata magharibi, wewe na sisi na wajukuu." Kisha akanikabidhi kata, akarudi jikoni. Nilichota mara tatu, nikatazama alama.